Sili ya Upande wa Pampu

Saa mbili na robo asubuhi Taratibu alikuwa ameshalegeza boliti sita za pampu ya zimamoto, na bado hakuwa ameinua macho kumtazama mtu. Pampu ilinuka moshi. Moshi wa injini aliuzoea. Huu ulikuwa wa magodoro na mbao za watu. Masizi yalikuwa yamejaa kwenye vichwa vya boliti, ikabidi ayachokonoe kwa msumari ndipo spana ishike.

Jina la Taratibu alipewa na madereva wa karakana ya baraza la mji, kwa sababu kila aliyemletea kazi na kumharakisha alijibiwa neno hilo hilo moja. Walimtania kwamba hata siku ya harusi yake alichelewa, alikuwa amesimama nje akisikiliza injini ya gari lililomleta bibi harusi. Kazi yake ilikuwa injini ndogo: pampu, misumeno, mashine za kukatia nyasi. Alikuwa na miaka kumi na moja pale na bado alikuwa kibarua. Mkataba wake ulihuishwa kila baada ya miezi mitatu, kwa kalamu ya mtu mmoja tu, naye ni mkuu wa karakana, ambaye wote walimwita Injinia.

Injinia alifika na kikombe chake cha chai mkononi.

"Umefika wapi?"

"Ndiyo naanza, bosi."

"Kamati inakaa saa nane. Nataka ripoti kabla ya saa saba. Andika kwamba injini imenoki kwa sababu mwendeshaji hakuchanganya oili kwenye petroli."

"Sijaifungua bado, bosi."

"Ndiyo maana nakwambia mapema. Usije ukapoteza muda kutafuta." Injinia akacheka, akampiga begani, kisha akautazama mkono wake kama umechafuka, akaenda zake.

Moto ulikuwa juzi jioni. Ulianza kwenye chumba kimoja cha kiwanja chenye vyumba kumi na kimoja vya kupanga, ukuta kwa ukuta, paa moja refu la mabati. Gari la zimamoto halikuweza kupita uchochoroni, kwa hiyo pampu ya kubeba ikashushwa na kusukumwa hadi kwenye tangi la maji la jirani. Ikavuta, ikarusha maji kwa nguvu, watu wakapiga vigelegele. Baada ya dakika nane ikalia kama mnyama aliyebanwa, ikazima. Vilipona vyumba viwili. Vingine tisa viliungua hadi kwenye misumari. Hakuna aliyekufa, na kwa sababu hakuna aliyekufa, ofisini walizungumza kana kwamba hakuna kilichotokea ila pampu kuharibika.

Injini ya namna ile haina oili yake yenyewe tumboni. Oili huchanganywa na petroli kwa kipimo, na mchanganyiko huo ndio chakula chake na ndio mafuta yake ya kujipaka. Ukiipa petroli tupu, pistoni hushika ndani ya silinda kama mlango uliovimba kwa mvua; huko ndiko kunoki. Basi maneno yalikuwa rahisi kutengeneza. Tangu petroli ipande bei kwa mara ya tatu mwaka ule, kila mtu aliyeonekana na dumu alitazamwa kama mwizi, na mwendeshaji wa pampu ndiye aliyeshika dumu. Ikasemwa ameuza oili. Kufikia asubuhi ya pili ilikuwa imeshasemwa hata na wasiojua pampu ni nini.

Taratibu alifungua mfuniko wa tangi la petroli, akamimina kidogo kilichobaki kwenye chupa ya kioo na kuiinua kwenye mwanga. Petroli ilikuwa na rangi ya samawati, rangi ya ile oili yao. Akachovya ncha ya bisibisi, akadondosha tone kwenye karatasi nyeupe, akangoja. Petroli ikakauka. Doa la mafuta likabaki, duara zuri, linateleza ukiligusa.

Oili ilikuwamo, na ilitosha. Hakuhitaji karatasi kumwambia. Mwendeshaji yule alikuwa ameoa dada yake, na kipimo kile alimfundisha yeye mwenyewe.

Shemeji yake alikuja kabla ya saa nne. Mlinzi alimkatalia kuingia kwa kuwa amesimamishwa kazi, akazunguka hadi kwenye wavu wa nyuma. Mikono yake miwili ilikuwa imefungwa bendeji hadi kwenye viwiko, akaibeba mbele yake kama mtu aliyeshika mtoto mchanga.

"Shemeji," akaita.

Taratibu akafuta mikono, akasogea. Hakusogea karibu sana.

"Pole. Maumivu vipi?"

"Yanakuja na kwenda. Paa lilipoanza kushuka nikasema mali ya baraza isiungue, nikaikumbatia niivute. Bomba la moshi lilikuwa jekundu. Sikujua mpaka niliposikia harufu." Alicheka kidogo. "Wamesema wewe ndiye utakayeifungua?"

"Ndiyo mimi."

"Basi nimepona." Akaegemeza paji la uso kwenye wavu. "Jana nzima nilikuwa nawaza, wakimpa mtu wa nje nimekwisha. Kumbe wamekupa wewe! Mungu hamtupi mja wake."

Taratibu alitazama viatu vyake.

"Nilichanganya mwenyewe, shemeji. Vikombe viwili kwa dumu, vile vile ulivyonionyesha. Kuna mama mmoja alinipiga na ndoo kichwani, mbele ya watu. Ananiambia, 'Umekunywa oili yetu, mwizi we!' Mimi namwambia mama subiri, naiwasha sasa hivi, na huku najua haiwaki. Na dada yako... Aa, utamsikia mwenyewe. We ifungue tu. Utaona."

"Nitaona," alisema Taratibu.

"Una kazi, nisikucheleweshe." Aliondoka akipita kivulini, mikono yake mbele.

Taratibu alirudi mezani, na hakufungua kitu kwa muda. Alijua tayari upande gani wa kuanzia.

Injini ile ina tumbo lililofungwa, na ndani ya tumbo huzunguka krenki, mhimili unaozungushwa na pistoni. Ncha mbili za krenki hutokeza nje, moja upande wa sumaku ya cheche, nyingine upande wa pampu, na kila ncha hupita ndani ya sili, pete ya mpira isiyozidi upana wa kisoda kikubwa. Sili hizo mbili ndizo milango ya nyumba. Mmoja ukipitisha hewa, injini huvuta upepo badala ya mchanganyiko. Itawaka, itapiga kelele nzuri hata kuliko kawaida, kwa muda, huku inaungua yenyewe kwa yenyewe.

Kila aliyewahi kujifunza kwake alilisikia somo hilo. Mdomo wa sili wenye springi nyembamba utazame ndani, tumboni. Mdomo upakwe grisi, usiingie mkavu. Ule mfereji wa kabari kwenye ncha ya krenki una kingo kama wembe, kwa hiyo ufunike kwa nailoni kwanza, ndipo utelezeshe sili juu yake. Kisha isukume kwa bomba lenye upana sawa na wake, kidogo huku, kidogo kule, mpaka ikae kama kifuniko cha sufuria. Nyundo iweke mbali. Na taratibu.

Miezi mitatu iliyopita pampu ile ile ilikuwa juu ya meza ile ile. Aliagiza sili mbili. Stoo ilimpa moja, na leja ikaletwa asaini mbili.

"Nyingine iko wapi?" aliuliza.

"Nyingine itakuja," alisema Injinia, aliyekuwa amesimama pale na jalada la mikataba kwapani. "Hiyo ya zamani si bado ina uhai? Ioshe. Saini hapa, halafu njoo ofisini usaini na mkataba wako."

Alisaini. Sili mpya akaifunga upande wa sumaku, akafuata kila hatua. Ile ya zamani akaiosha kwa petroli, mdomo wake ukiwa mgumu kama ukucha.

Hapo ndipo palipomuuma mpaka leo, kwa kuwa hapo hapakuwa na Injinia. Hakuna aliyemwambia asifunike mfereji kwa nailoni. Hakuna aliyemnyima grisi. Kopo lilikuwa limejaa, karibu na mkono wake. Lakini kitu kikishakuwa kibovu, mkono nao hujipa ruhusa. Aliona kama kuihangaikia sili kuukuu ni kujifanya mjinga mara mbili. Akaivusha kavu, akaigonga kwa mpini wa nyundo. Ilipopita kwenye mfereji akasikia kitu kidogo kikisema *kt*, kama uzi unaokatwa kwa meno. Alisikia vizuri kabisa. Akasimama kidogo. Kisha akaendelea kufunga boliti, kwa sababu ilikuwa karibu saa saba na njaa ilikuwa inamwuma.

Sasa aliondoa kifuniko cha upande wa pampu, akaingiza ndoano, akaivuta sili. Ikatoka bila kugoma. Mdomo ulikuwa umejikunja nje robo ya mzunguko wake, na pale ulipoanzia kujikunja palikuwa na mkato mmoja mnyoofu. Alipofungua silinda, pistoni ilikuwa imechubuka upande mmoja wote, alumini imepakazwa kwenye chuma kama siagi.

Aliishika sili ile kwa vidole viwili. Akatazama mlangoni. Hapakuwa na mtu. Akaitia mfukoni.

Mwili wake ulipata joto la ghafla, kama mtu aliyeitwa jina lake sokoni. Katika miaka kumi na moja hakuwahi kuiba hata boliti.

Haikupita muda, mtunza stoo akaja. Alikuwa mwanamke mnene, mpole, ambaye kila mtu alimwita Mama Stoo na ambaye hukumbuka watoto wa kila mtu. Leo hakuuliza watoto. Akaweka mezani kitu kidogo kilichofungwa kwenye kipande cha gazeti.

Taratibu alifungua. Sili. Mpya, inang'aa, bado ina unga wake wa kiwandani. Kipimo kile kile.

"Nimeambiwa nikupe," alisema Mama Stoo. "Uiweke ndani kabla kamati haijaja kuangalia."

"Imetoka wapi?"

"Usiniulize, ndugu yangu."

"Miezi mitatu haikuwapo."

"Mimi naletewa moja naandikishwa mbili. Sili, plagi, mikanda, vyote hivyo hivyo. Nikiuliza naambiwa hesabu imeshafungwa. Nina miaka miwili nistaafu, unataka nikafungulie hesabu nyumbani kwangu?" Machozi yalimlengalenga. "Weka tu, kaka. Wameshasema ni yule kijana. Litapita."

"Yule kijana ni shemeji yangu."

"Najua," alisema Mama Stoo kwa sauti ndogo, akaondoka.

Sili mpya akaiacha pale pale juu ya gazeti. Hakuifunga. Alijiambia kwamba hilo angalau hakulifanya. Lakini Injinia alipokuja saa saba na kukuta karatasi ya ripoti iko nyeupe, alivuta kiti, akaandika mwenyewe mistari minne kwa mwandiko mzuri, akamgeuzia. "Saini. Mkataba wako unaisha mwisho wa mwezi huu, sivyo?" Na Taratibu akasaini. Alisaini haraka, kwa herufi ndogo, kama mtu anayeandika kwenye ukuta wa choo.

Kamati ilikaa chumba cha juu. Alikuwapo Mwenyekiti, mzee nadhifu wa suti ya kijivu. Karani wa kuandika. Na Injinia pembeni yake. Shemeji alikaa kwenye benchi, mikono juu ya mapaja. Alipomwona Taratibu anaingia, akatabasamu.

Karani alisoma ripoti. Mistari minne haichukui muda. Kisha akasoma karatasi ya pili: "Mimi, mwendeshaji wa pampu, nakiri kwamba kwa uzembe wangu sikuchanganya oili kama inavyotakiwa..."

"Samahani," alisema shemeji. "Fundi ndivyo alivyoona?"

"Hiyo si ripoti yake umesomewa?" alisema Injinia. "Na saini yake hii hapa."

Shemeji aligeuka, akamtazama Taratibu. Hakumtazama kwa hasira. Alimtazama kama mtu anayetafuta kosa kwake mwenyewe.

"Basi... kama shemeji ameona hivyo," alianza polepole, "labda nilikosea. Watu walikuwa wanapiga kelele, moshi umenijaa machoni. Labda niliweka kikombe kimoja nikadhani viwili. Huyu hawezi kusema uongo juu ya injini." Akainua bendeji zake. "Kalamu siwezi kushika. Shemeji, nisainie tumalize."

Karani alimsogezea Taratibu karatasi na kalamu.

Kalamu aliishika. Nafasi ya saini ilikuwa pale, mstari wa nukta nukta. Kisha akaiweka chini, akatia mkono mfukoni, akaiweka sili iliyokatika juu ya mstari ule.

"Hii ndiyo iliyoua injini," alisema. "Oili ilikuwamo. Huyu hana kosa."

Mwenyekiti aliivuta kwa ncha ya kalamu. "Hiki ni nini?"

"Sili ya krenki, upande wa pampu. Ilikuwa kuukuu, na ikakatika wakati wa kufungwa. Injini ikawa inavuta hewa."

"Nani aliifunga?"

"Mimi."

"Kwa nini kuukuu? Leja inaonyesha ulichukua mbili mpya."

"Nilisaini mbili, nikapewa moja."

"Kwa hiyo ulisaini uongo."

"Ndiyo, mzee."

"Na leo saa saba ukasaini uongo mwingine."

"Ndiyo."

"Sasa sisi," alisema Mwenyekiti, na kwa kweli alionekana kuumia, "tuamini saini yako ipi?"

Injinia alikohoa, akatoa kwenye mfuko wa koti kipande cha gazeti, akakifungua mezani. Sili mpya ikang'aa kwenye mwanga wa dirisha.

"Niliikuta juu ya meza yake, Mwenyekiti. Sili alipewa. Hakuifunga. Mimi siwezi kumfungia fundi kila kipuri kwa mkono wangu."

"Hiyo imeletwa leo!" alisema Taratibu. "Muulizeni Mama Stoo."

"Mtunza stoo ameomba ruhusa tangu mchana. Hajisikii vizuri."

Mwenyekiti alipiga mezani kwa kidole, mara mbili. "Usipoziba ufa utajenga ukuta," alisema, kama mtu aliyelipata neno alilokuwa akilitafuta. "Karani, andika: uzembe wa fundi. Mkataba usihuishwe. Mwendeshaji arudi kazini akipona, apewe onyo kwa kutozima injini mapema."

Karani aliandika. Swali la sili iliyokuwa haipo miezi mitatu iliyopita halikuandikwa, kwa kuwa sili ilikuwapo, hii hapa.

"Na wapangaji wataambiwa?" aliuliza Taratibu akiwa ameshasimama.

"Uamuzi utabandikwa kwenye ubao wa matangazo," alisema karani. Ubao huo ulikuwa ndani, ghorofa ya pili, baada ya mlinzi.

Kwenye ngazi shemeji alikuwa anamngoja. Alikuwa ameegemea ukuta kwa bega.

"Pale wavuni asubuhi," alisema, "ulikuwa umeshajua?"

"Nilijua."

"Ukaniacha nikashukuru Mungu mbele yako."

Taratibu akashuka ngazi moja.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu siku niliyoifunga."

Shemeji alitikisa kichwa taratibu, kama anayehesabu. "Dada yako usiku wa juzi ameniuliza kama niliuza oili. Nikamwapia. Akasema sawa, lakini alilala amenigeuzia mgongo. Mke wangu." Akaitazama mikono yake. "Una bahati sina mkono."

Akashuka ngazi peke yake, na mlangoni ilimbidi asubiri mtu mwingine apite ndipo afunguliwe.

Taratibu hakwenda nyumbani. Saa kumi na moja alikuwa kwenye kiwanja kilichoungua. Wapangaji walikuwa wanachambua mabati: yaliyojikunja huku, yanayofaa kule. Mama mmoja aliyejifunga khanga kiunoni alikuwa amechuchumaa juu ya jiwe, ananyoosha misumari iliyoungua, mmoja mmoja. Ndoo ya plastiki iliyopasuka ukingo ilikuwa pembeni yake, imejaa misumari. Taratibu aliitazama ile ndoo.

"Mmekuja kuandika tena?" alisema mama bila kuinua kichwa. "Juzi mmeandika, jana mmeandika. Andikeni na huu msumari."

"Sikuja kuandika, mama."

"Sasa?"

"Yule kijana wa pampu uliyempiga na ndoo. Hakuuza oili. Aliichanganya vizuri."

Nyundo ilisimama. "Nani kasema?"

"Mimi. Mimi ndiye niliyeitengeneza ile pampu. Niliweka sili kuukuu, nikaiweka vibaya, na nilisikia inakatika nikaendelea. Nikasaini kwamba ni mpya."

Mama alimtazama kwa mara ya kwanza, kuanzia viatuni hadi usoni. Nywele zake za mbele zilikuwa zimeungua, zimejisokota.

"Sili ndiyo nini?"

"Ni mpira. Kama pete."

"Mkubwa kiasi gani?"

Taratibu aliunganisha kidole gumba na cha shahada, akamwonyesha. Mama aliangalia mduara ule mdogo, kisha akageuza kichwa akaangalia vyumba vyao tisa, kuta zimesimama bila paa, jua la jioni limeingia mpaka sakafuni ambako halikuwahi kufika.

"Hako?"

"Hako, mama."

"Na wakubwa zako wanajua?"

"Wanajua. Wameandika ni mimi tu."

"Na si wewe tu."

"Ni mimi," alisema Taratibu. "Na si mimi tu."

Taratibu alingoja ndoo, au jiwe, au mate. Alikuwa ameshayakubali yote tangu njiani. Mama aliweka nyundo chini, akainuka kwa kujishika magoti, akapiga makofi mawili kuwaita wenzake. Wakaanza kusogea, mmoja na bati mkononi, mwingine akijifuta masizi, wazee, wanawake, mwanamume mmoja aliyebeba godoro lililoungua nusu.

"Rudia," alimwambia. "Sema kwa sauti, wote wasikie. Na ile pete waonyeshe."

Uso wa Taratibu ulikuwa unawaka. Akainua mkono, akaanza tena kuanzia siku ya leja.